Wazazi wa Basi (kundi la simu): Bweyogerere na Mukono, Uganda

Mama Zuhura: Wazazi, habari za jioni. Kuanzia Jumatatu basi la shule haliingii tena mtaani kwetu Bweyogerere. Mvua imechimba barabara. Watoto watapandia na kushukia barabara kuu, Jinja Road. Mimi sijaridhika, tuongee.

Ssalongo: Asubuhi sina neno, basi linaelekea mjini na kituo kiko upande wetu. Jioni ndiyo shida.

Mama Zuhura: Ndiyo hiyo, Ssalongo. Mlango uko kushoto. Likitoka mjini linawaacha ng'ambo, na malori ya mpakani, Malaba na Busia, yanapita hapo giza likiingia.

Baba Imani: Dada, hawa si wa chekechea. Wangu yuko S3, sekondari mwaka wa tatu, amenipita urefu. Nikienda kumsubiri ataona haya mbele ya wenzake.

Mama Zuhura: Ngoja mwenyewe aandike, ndiye anayeshuka.

Mama Zuhura: Shikamooni, ni Zuhura. Wiki iliyopita tulishushwa pale. Basi likisimama, takisi zinajipanga mbele yake, hatuoni gari linalokuja. Tena boda zinapita kushoto, kati ya mlango na mtaro. Nilimvuta mtoto wa S1 kwa mkoba, boda ikapita.

Baba Imani: Marahaba mwanangu. Hilo la boda sikulijua. Nitakuja kumsubiri, aone haya tu.

Ssalongo: Basi liende Mukono kwanza, likirudi litawashushia upande wetu. Hakuna kuvuka.

Mama Rehema: Ssalongo, mtoto wa Bweyogerere apelekwe Mukono arudishwe? Na jamu ile? Watafika saa tatu, watasoma saa ngapi? S4 wana mtihani mwaka huu.

Bibi Halima (Mukono): Na likigeuka hapo kwenu kwanza, wajukuu zangu ndio watakaochelewa. Msituonee sisi wa mwisho wa njia.

Mama Zuhura: Kweli bibi. Basi liendelee kama kawaida, sisi tuwe ng'ambo kabla halijafika. Watu wazima wawili kila jioni. Mmoja asimame mlangoni azuie boda. Watoto wasubiri basi liondoke ndipo wavuke na yule wa pili, wote pamoja.

Baba Imani: Tutajuaje limefika wapi? Shule hairuhusu watoto kubeba simu.

Mama Zuhura: Msimamizi wa basi aandike humu likifika Kireka, kabla ya kwetu. Nitampigia sasa hivi.

Mama Rehema: Mimi natoka kazini usiku. Naweza kumtuma boda wangu amchukue?

Ssalongo: Mtume, lakini weka picha yake humu, na msimamizi aipate. Asiyejulikana asipewe mtoto, hata akitaja jina lako.

Mama Rehema: Sawa kabisa. Naiweka leo.

Mwenyekiti LC1 (baraza la kijiji): Nimewasoma. Jumamosi asubuhi tujaze mashimo kwa changarawe. Kila nyumba ilete jembe au mtu. Barabara ikipitika nitamwomba dereva arudi kushushia msikitini.

Baba Imani: Nitakuja na toroli. Jumatatu jioni niandikeni mimi, mlangoni.

Ssalongo: Mimi wa kuvusha.

Mama Zuhura: Jumanne mimi na nani?