Tupeane uzoefu: dirii, chapeo na silaha za maigizo ulizotengeneza nyumbani

Fundi Maboksi: Wakuu, Kwaresima ndiyo hiyo, na parokia kibao vijana wameshaanza kuulizana mavazi ya askari wa Kirumi wa igizo la Ijumaa Kuu yatatoka wapi. Jana nimemwona mtoto wa jirani kavaa boksi la friji kifuani, mambo yote yakanirudia. Mliowahi kuvalisha kikosi cha Pilato, leteni visa. Mimi ni mtu wa maboksi siku zote. Siri ni kukata boksi ili ile mistari ya ndani isimame wima. Likizungushwa kifuani linapinda vizuri. Ukiilaza mistari, dirii inajikunja ovyo na mabega yanachanika.

Mama Kwaya: Hapo kwenye mistari umenena.

Mwana Bukoba: Maboksi yananipa homa. Pasaka inaangukia masika, na mvua ya kwetu haina adabu. Tulipaka dirii zote gundi nyeupe ya seremala, zikakauka, juu tukapuliza rangi ya fedha. Paroko mwenyewe aligonga kifua cha akida, mkuu wa askari, kwa vidole, akafurahi. Ijumaa tukatoka vizuri. Kituo cha tano cha Njia ya Msalaba, pale Simoni anapokamatwa abebe msalaba, mvua ikashuka. Ile gundi ikilowa inalainika tena: maji meupe kama maziwa yakaanza kutiririka kwenye miguu ya askari, rangi inabanduka magamba magamba. Askari akamvuta Simoni, kinga ya mkono ikabaki kwa Simoni. Kutoka hapo ni mabega, kisha vifua, vinaanguka njiani na watoto wanaokota. Kufika kituo cha kumi, Yesu anapovuliwa nguo, askari wenyewe wamebaki na fulana. Lakini akida wetu hakuacha nafasi yake. Alisimama chini ya msalaba, shungi la chapeo limelowa limemlalia usoni, akasema "Hakika huyu alikuwa Mwana wa Mungu" kwa sauti iliyoishinda mvua. Namheshimu mpaka leo.

Mama Kwaya: Nimesisimka. Mungu ambariki huyo akida.

Kijana wa Gerezani: Ndiyo maana sisi tulihamia kwenye sponji, yale mazulia ya watoto ya vipande vinavyoungana. Tafuta blowa ya fundi simu, pitisha joto taratibu: vitundu vinajifunga, uso unakuwa laini, na kipande bado cha moto unakikandamiza kwenye goti kinachukua umbo la bega. Unga kwa gundi ya viatu. Paka pande zote mbili, subiri isishike kidole, ndipo ugandanishe. Ukiwahisha, inaachia.

Mama Kwaya: Na gundi hiyo ipakwe nje, baba. Si chumbani wanakolala watoto. Ile harufu ni sumu.

Msomaji wa Historia: Naomba niseme. Wakati wa Pilato, lejioni, yaani vikosi vikuu vya jeshi la Kirumi, zilikuwa Shamu. Yudea ilikuwa na vikosi vya wasaidizi, na hao kwa kawaida walivaa dirii za pete za chuma, si mabamba. Fumeni sweta la nyuzi nene za katani, pulizeni rangi nyeusi kisha fedha juu juu. Kwa mbali ni chuma kabisa.

Kijana wa Gerezani: Waumini wakiona sweta watauliza askari wako wapi.

Msomaji wa Historia: Kwa hiyo tuendelee kukosea kwa sababu tumezoea?

Kijana wa Gerezani: Nani atafuma masweta ishirini kabla ya Matawi? Wewe?

Dada wa Drama: Acheni hayo, niwaambie yaliyotupata Nakuru. Mdogo wangu alichonga bunduki ya mbao kwa igizo la shule, akaipaka rangi nyeusi mpaka ikatisha. Akapanda boda nayo ndani ya gunia. Wakipita sokoni gunia likateleza, mtutu ukatokeza. Mtu akapiga nduru, "Ana bunduki!" Kufumba na kufumbua yuko chini na watu wana mawe mikononi. Mama mboga mmoja aliyemfahamu akamlalia mgongoni, anawapigia kelele kwamba huyo ni mtoto wa shule. Hakuinuka mpaka polisi walipofika. Kijana akashinda kituoni hadi mwalimu akaleta mswada wa igizo. Tangu hapo zetu husafiri vipande: kitako mfuko huu, mtutu mfuko ule, tunaziunga ukumbini.

Fundi Maboksi: Mungu wangu. Huyo mama alilipwa nini?

Dada wa Drama: Mamangu hununua mboga kwake pekee.

Kanzu Nyekundu: Bunduki na Pilato wapi na wapi?

Dada wa Drama: Soma kichwa cha uzi, ndugu yangu. Silaha za maigizo.

Mzee wa Jukwaa: Na walioko Bongo, kombati za madoa msiziguse kabisa. Mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku 7 watu wasalimishe nguo zinazofanana na za jeshi.

Kanzu Nyekundu: Sawa. Chapeo je?

Fundi Maboksi: Bakuli la plastiki, matabaka ya magazeti na uji wa ngano. Shungi ni ufagio mwekundu wa nailoni. La akida likae sikio hadi sikio, ajulikane.

Mama Kwaya: Uji wa ngano hapana. Panya wa kwetu walikula chapeo zote wakaacha mafagio.

Fundi Maboksi: Zining'inizwe darini kwa waya.

Mwana Bukoba: Panya nitapambana nao. Mvua je?

Mzee wa Jukwaa: Rangi ya mafuta, mkuu, ndani na nje. Kazania kingo za boksi, maji yanaingilia hapo. Paka wiki moja kabla, maana hali ya hewa ya kwenu haikaushi haraka.