Tupeane uzoefu: Kumiliki Corvette au Mustang ya zamani, maisha ya kila siku na gharama zake

Wakuu, salaam. Huu uzi ni wa Waswahili wenzangu wenye Corvette, Mustang, Camaro na jamii hiyo ya magari ya kasi ya Kimarekani, zile za zamani, siyo za juzi. Vijana wengi wananiuliza bei ya kununua, na bei ya kununua ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Tusimulie maisha yalivyo baada ya hapo: gereji, bima, mvua, foleni na pesa inakopotelea. Taja gari, mwaka na mahali ulipo, maana Houston si Minnesota.

Naanza mimi. Niko Houston, nina Corvette ya 1978, mwaka walioadhimisha miaka 25 tangu ile ya kwanza itoke Flint, Michigan, 1953. Injini ni V8 ya lita 5.7, ile ya kawaida yenye nguvu ya farasi 185. Ndiyo, 185 tu. Toyota Camry ya V6 inaiacha mbali sana, lakini Camry haikufanyi uamke Jumamosi kabla ya jua.

Mafuta kwanza, kwa kuwa ndilo swali la kila mtu. Napata wastani wa maili 14 kwa galoni. Ukitembea maili 2,000 kwa mwaka ni kama galoni 143, na petroli ikiwa dola 3 kwa galoni hiyo ni dola 430 hivi. Anayekutisha na mafuta anakutisha na kitu kidogo. Kinachokula pesa ni gari kukaa.

Chukueni breki. Karibu Corvette zote za 1965 hadi 1982 zina disk magurudumu manne, na kila kalipa (kile kibano kinachobana disk) ina pistoni nne. Mafuta ya breki yanavuta unyevu. Gari likikaa, ule unyevu unakula ukuta wa silinda, vinatokea vishimo, na mpira wa pistoni haushiki tena. Wakati mwingine huoni hata tone chini: disk ikiyumba kidogo tu inaitikisa pistoni, inanyonya upepo kidogokidogo, pedali inazidi kushuka. Unatoa upepo leo, baada ya wiki pedali iko sakafuni tena. Dawa yake ni kalipa zilizovalishwa bomba la chuma kisichoshika kutu ndani ya silinda, zinauzwa zikiwa tayari. Kwa zote nne pamoja na hosi mpya nilitumia kama dola 600, na kazi nilifanya mwenyewe. Mafuta ya breki nabadilisha kila baada ya miaka miwili, na gari lazima litoke kila wiki, hata kama ni kwenda kununua mkate.

Karibuni.

Mdau wa Columbus, Ohio (Corvette 1976)

Mkuu umesema kweli kuhusu kukaa. Mimi niongezee habari ya taa. Kwa wasiojua, taa za mbele za hizi Corvette zetu zinalala ndani ya bodi, na hazinyanyuliwi na umeme. Zinanyanyuliwa na mvuto wa upepo kutoka kwenye injini, kupitia hosi nyembamba za mpira zinazozunguka mbele yote, mpaka kwenye vikopo viwili vyenye ngozi ya mpira ndani. Hosi moja ikipasuka mahali, taa moja inaamka na nyingine inabaki imelala. Nimewahi kukatisha mji mzima jicho moja limefumba.

Gereji moja ya hapa ilitaka dola 1,200 "kubadilisha mfumo". Nikakataa. Nikanunua seti ya hosi kwa bei isiyofika dola 100, nikashika hosi moja baada ya nyingine nikiinyonya kwa pampu ndogo ya mkono yenye geji. Sindano ikishuka, hiyo ndiyo inayovuja. Kazi ya jioni chache. Na kuna swichi ya dharura chini ya usukani ambayo wengi hawaijui: ukiivuta, taa zinaamka bila kusubiri swichi kuu. Itafuteni kabla giza halijawakuta barabarani.

Dada wa Dallas (Mustang 1966, V8 ya inchi za ujazo 289)

Kaka zangu, Corvette mna bahati, bodi zenu ni faibaglasi. Sisi wa Mustang adui yetu ni bati. Chini ya wipa kuna matundu ya kuingizia hewa, na chini yake kuna mfereji uliofunikwa ambao kiwandani hawakuupaka rangi ya kutosha. Majani yanaingia, yanaoza, yanashika maji, bati linatoboka. Mvua ikinyesha miguu ya abiria inaloa, zulia linanuka, halafu sakafu nayo inaanza kuoza.

Kabla ya kununua, mwaga jagi la maji pale kwenye matundu, halafu ingia ndani upapase juu, nyuma ya dashibodi, pande zote mbili. Mimi nilifanya hivyo mbele ya muuzaji, maji yakatoka upande wa kushoto, akashusha dola 3,000 papo hapo. Kutengeneza ni kutoboa alama za kuchomelea moja moja, kung'oa bati lote la juu na kulirudisha jipya. Bati lenyewe ni bei rahisi; kazi ndiyo ghali, na fundi wangu ilimchukua muda mrefu.

Zuri la Mustang ni spea. Ilipotoka Aprili 1964 watu waliigombania, na kabla ya miaka miwili kutimia walikuwa wameshaunda milioni moja. Kwa hiyo mpaka leo unapata karibu kila kitu kipya: mlango, tangi, kitasa, kibati kidogo cha kushikia hosi. Bei nyingi zinalipika.

Nawaomba jambo moja wenye Mustang za kabla ya 1967: badilisheni mastasilinda, yaani pampu kuu ya breki. Ya asili ina njia moja tu, bomba moja likipasuka umepoteza breki za magurudumu yote. Ya njia mbili haina gharama kubwa. Na mikanda ya gari langu ni ya kiunoni tu, kwa hiyo wanangu siwapakii. Wanalia, wanazoea.

Mdau wa San Diego (Corvette 1975)

Fupi tu. California: gari la 1975 na kurudi nyuma halipimwi moshi. La 1976 kuja juu linapimwa kila baada ya miaka miwili, na vifaa vyote vya asili vya kusafisha moshi lazima viwepo. Ukiona Corvette ya 1977 inauzwa bei ya kutupa hapa, uliza kwanza kama imepita kipimo. 1975 pia ndiyo ya mwisho ya kufunua paa lote mpaka waliporudisha 1986, ndiyo maana bei yake inapanda.

Mdau wa Minneapolis (Camaro 1979)

Huku kwetu barabara zinamwagiwa chumvi, kwa hivyo Novemba gari inaingia ndani na haitoki mpaka mvua ya Aprili ioshe lami. Kabla ya kuilaza mimi hubadilisha oili (oili chafu ina asidi, usiiache ikae na beringi miezi mitano), hujaza tangi pomoni na kutia dawa ya kuhifadhi petroli, huacha chaja ndogo ya betri ikiwa imechomekwa, na huongeza upepo wa tairi kwa sababu tairi zikikaa hulala upande mmoja, halafu ukitoka usukani unatetemeka.

Petroli ya huku ina ethanoli (aina ya spiriti) asilimia 10. Hiyo hunyonya maji na hula mpira wa hosi za zamani. Hosi zote za mafuta nilibadilisha nikaweka zilizoandikwa kuwa zinahimili ethanoli. Hiyo si mambo ya kuokoa pesa: kabureta ikivuja juu ya injini ya moto, gari inaungua yote.

Panya pia. Walinikatia waya za taa za nyuma msimu mmoja. Sasa ninaziba bomba la ekzosi na mdomo wa chujio la hewa kwa nyavu ya chuma, na ninafunga kitambaa chekundu kwenye usukani ili nikumbuke kuzitoa.

Mdau wa Muscat (Mustang 1969)

Asalaam alaykum. Mie niko Oman, nyumbani asili Unguja. Huku hakuna chumvi ya barabarani wala baridi, kutu kwetu si tatizo kubwa, tatizo ni jua. Kiangazi joto linapita nyuzi 45. Ukizima gari likiwa moto, petroli inachemka ndani ya kabureta, ukirudi baada ya dakika kumi haliwaki. Nilitia kipande cha plastiki ngumu kinachozuia joto baina ya kabureta na injini, nikasogeza bomba la mafuta mbali na ekzosi, nikaweka rejeta kubwa zaidi. Alhamdulillah, sasa linawaka. Lakini miezi ya Juni mpaka Agosti natoka baada ya sala ya Alfajiri tu, au usiku.

Gharama yetu kubwa ni usafirishaji. Bampa la mbele lenyewe si ghali Marekani, nauli yake ndiyo inayolipita bei. Kwa hiyo tunasubiriana marafiki watatu wanne, tunaagiza pamoja kwa meli.

Mdau wa Bowling Green, Kentucky (Corvette 1981)

Jambo wote, aksanti kwa uzi. Miye ni Mkongomani, niko hapa Bowling Green ambapo Corvette zinaundwa tangu 1981, na sisi tunaosema Kiswahili tuko wengi mji huu. Gari langu ni la mwaka ule walipohama kutoka St. Louis. Mwaka huo zilitoka viwanda vyote viwili, na unajua yako imetoka wapi kwa kusoma namba ya chesi: herufi ya 11 ikiwa S ni St. Louis, ikiwa tarakimu 5 ni Bowling Green. Yangu ni 5. Nilipoiona ile 5 pale chini ya kioo sikubishana tena bei.

Zile za 1981 zina kabureta inayoongozwa na kompyuta, na mafundi wengi wanakushauri uitoe. Usikubali haraka. Yangu ilikuwa inapiga misi, mafundi wawili wakasema itolewe. Fundi wa tatu, mzee mstaafu, akasoma tu namba za makosa kwa taa ya dashibodi, akabadilisha sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, ikatulia. Nilimlipa dola 80.

Mkipita huku tembeleeni jumba la makumbusho la Corvette. Februari 2014 ardhi ilititia ndani ya jengo na magari 8 yakatumbukia shimoni. Baadhi yalitengenezwa, mengine yameachwa vilevile yalivyopondeka, na ukisimama mbele yake unaona jinsi faibaglasi inavyochanika.

Mwanzisha uzi

Wakuu mmeshusha madini. Nijibu maswali yaliyokuja kwangu.

Bima: msikate bima ya kawaida. Bima ya kawaida gari likiharibika inahesabu uchakavu, inakulipa kama unamiliki gari kuukuu tu. Tafuteni ya thamani iliyokubaliwa: mnakubaliana mwanzoni kwamba gari ni dola 18,000, likipotea unalipwa hizo 18,000. Masharti yake kwa kawaida ni uwe na gari jingine la kazini, hili lilale ndani, na usitembee maili nyingi kupita walizoweka. Yangu ni dola mia tatu na kitu kwa mwaka, pungufu ya robo ya ninayolipia pikapu yangu ya Tacoma.

Tairi: rimu za inchi 15 siku hizi zina chaguo chache, panga dola 700 hadi 900 kwa seti. Na usitazame makali, yaani meno ya tairi. Tairi la gari lisilotembea linazeeka likiwa na makali yote. Soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Hilo halifai tena kwa mwendo wa barabara kuu.

Maisha ya kila siku: Corvette yangu haina mlango wa buti, mzigo unapitishia nyuma ya siti. Milango ni mirefu, unaegesha mbali na wenzio. Paneli za paa zinavuja, mpira mpya ulipunguza lakini haukumaliza, mvua ya Houston bado inakudondokea begani. Na kila kituo cha mafuta kuna mzee atakayekuja kukwambia aliwahi kuwa nayo. Toka nyumbani mapema, kwa sababu mzee huyo anastahili kusikilizwa.

Mdau wa Charlotte

Shikamooni wakuu. Naulizia mawili. Je, naweza kuja kusafirisha Corvette nyumbani Mombasa siku moja? Na kuna Corvette ya 1974 inauzwa dola 9,500, rangi mpya nyekundu inang'aa, muuzaji anasema haina kutu kwa sababu ni faibaglasi. Niichukue?

Mdau wa Columbus, Ohio

Marahaba. Mombasa sahau. Kenya gari la kuingiza halitakiwi kuzidi miaka 8, na usukani wa kushoto hausajiliwi kwa gari la kawaida.

Mwanzisha uzi

Marahaba kijana. Huyo muuzaji amekwambia nusu. Bodi haishiki kutu, lakini imebebwa na chesi ya chuma, na kioo cha mbele na milango vimeshikwa na fremu ya chuma iliyofichwa ndani. Hiyo ikioza, matengenezo yanapita bei ya gari lenyewe. Rangi mpya usiihesabu kabisa.

Lala chini, angalia chesi pale inapopinda kwenda juu mbele ya tairi la nyuma, pande zote mbili, uigonge kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na maganda yanadondoka. Halafu omba ruhusa kutoa plastiki inayofunika ukuta wa pembeni miguuni kwa abiria, umulike tochi chini ya nguzo ya mlango. Mwisho, angalia pembe za juu za kioo cha mbele: rangi ikivimba karibu na ule utepe wa chuma unaong'aa, kutu imeshaingia ndani ya nguzo.

Akikukatalia kuangalia hizo sehemu tatu, ondoka. Akikubali, piga picha uziweke hapa kabla hujatoa amana.