Msimu wa moshi Mbeya: niondoke saa 12, saa 3, au nipande daladala?

Mpanda Kilima, Uyole

Wakuu, habari za kiangazi. Naendesha baiskeli siku sita kwa wiki kutoka Uyole hadi Mwanjelwa, kama kilomita nane kwenda na nane kurudi. Tangu Agosti iingie, milima inaungua. Juzi usiku mstari mwekundu ulikuwa unapanda ubavu wa Loleza, na kulipokucha nilifika Sae mlima wenyewe siuoni. Niliingia kazini kifua kinawasha, makohozi yana weusi. Mwaka jana nilikohoa mpaka mvua za Novemba. Sitaki kurudia, na baiskeli sitaki kuiacha, kwa sababu nauli ninayookoa ndiyo inayonunua madaftari ya watoto.

Nina mambo matatu ya kuchagua. Kwanza, kuondoka saa 12 kamili, malori ya Tunduma yakiwa bado machache na kuna baridi. Hewa ya saa hizo siku zote nimeiona ndiyo safi. Pili, kuondoka saa 3, maana mkuu wangu amekubali nichelewe kuingia nikifidia jioni. Tatu, daladala mpaka mvua zinyeshe. Halafu kuna barakoa: ninayo ya kitambaa tangu wakati wa korona, na duka la dawa wana zile za bluu na N95. Aliyepitia haya anisaidie kupima.

Muuza Maziwa, Igawilo

Ndugu yangu, wengine saa hatuchagui. Madumu ya maziwa yako kwenye keria saa 11 na nusu alfajiri, moshi uwepo usiwepo, kwa sababu jua likiyakuta njiani yanaharibika. Mkimaliza kumshauri yeye mtukumbuke na sisi.

Mkazi wa Ipogolo, Iringa

Kamwene. Saa 12 iondoe kwenye hesabu, hata kama ndiyo unayoipenda.

Mimi nakaa Ipogolo, chini kabisa kando ya Ruaha Mdogo, na kazi yangu iko mjini juu. Kila asubuhi napanda kile kilima. Miezi ya moto, nikifika juu nikageuka, Ipogolo siioni. Moshi umejaa bondeni kama uji kwenye bakuli, ukingo wake umenyooka, na mjini jua linawaka. Miaka miwili nilikuwa napita ndani ya bakuli hilo nikihema kwa nguvu zote, nikidhani ni ukungu.

Sababu yake ni hii. Usiku wa kiangazi mbingu hazina mawingu, ardhi inapoa haraka, na hewa iliyopoa ni nzito kwa hiyo inateremka mabondeni. Juu yake inabaki hewa yenye joto kidogo, nayo inakaa kama mfuniko wa sufuria. Moshi wote wa usiku, wa nyasi, wa matanuri ya matofali, wa majiko yetu ya alfajiri, unabanwa chini ya mfuniko huo. Jua likipanda ardhi inapata joto, hewa inaanza kuinuka, mfuniko unafunguka. Huku kwetu ni kati ya saa 3 na saa 4. Mbeya mmezungukwa na milima kuliko sisi, kwa hiyo siku nyingine mtangoja zaidi.

Kwa hiyo baridi isikudanganye. Asubuhi iliyo baridi na tulivu kuliko zote ndiyo yenye moshi mzito kuliko zote. Kutofautisha na ukungu, tumia pua, na uangalie rangi: ukungu ni mweupe na unalowesha nywele, moshi una ukahawia na unakausha koo.

Fundi Spoki, Mbeya

Mkazi wa Ipogolo amesema kweli, ila mchana nao usiuamini moja kwa moja. Kuanzia saa 8 upepo unashika, nyasi zimekauka, na moto mwingi mpya unaanza saa hizo. Ukiingia saa 3 na nusu ukafidia mpaka saa 12 jioni, unarudi moshi umeshaanza kulala tena. Ongea na mkuu wako utoke saa 11.

Nesi wa Zamu

Kaka Mpanda Kilima, pole kwa kifua. Nianze na barakoa kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopoteza hela.

Chembe za moshi zinazodhuru zaidi ni zile zisizozidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko chembe hiyo zaidi ya mara ishirini. Ndiyo maana zinapita puani na kooni mpaka kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha chembe hizi kwa saa 24 kutoka mikrogramu 25 hadi 15 kwa kila mita ya ujazo, na nyasi zikiungua jirani kiwango hicho kinapitwa haraka.

Barakoa ya kitambaa haizizuii, hata ukiilowesha maji kama wengi wanavyofanya. Ya bluu inachuja kiasi, lakini mashavuni iko wazi, na ukihema unavuta hewa ya pembeni. N95 inazuia angalau asilimia 95, kwa sharti moja: ikubane uso mzima. Vaa, bonyeza waya wa puani, puliza. Ukisikia hewa machoni bado haijakaa. Ndevu zinaiharibia kazi. Na msiifue jamani. Ndani yake kuna nyuzi zenye chaji ya umeme zinazonasa chembe, na maji na sabuni yanaiondoa chaji hiyo. Inabaki na sura ya N95 tu. Itundike ikauke, na itupe ikianza kukubana pumzi au mikanda ikilegea.

Sasa baiskeli. Mtu aliyekaa anavuta hewa kama lita 6 hadi 8 kwa dakika. Akipanda mlima kwa nguvu anaweza kupita lita 60. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, unahema zaidi kupata oksijeni ileile. Kwa hiyo kupunguza mwendo ni kinga, tena ya bure. Na hapa ndipo faida ya daladala ilipo. Madirisha yako wazi, hewa ni ileile ya barabarani, ila umekaa na unaivuta kidogo.

Mwenye pumu, mjamzito, mwenye moyo unaosumbua: siku mlima hauonekani usipande baiskeli, hata ukiwa na N95. Kifua kikipiga miluzi, kikibana, au kizunguzungu kikija, shuka ukatafute kituo cha afya siku hiyohiyo.

Muuza Maziwa, sijakusahau. Wewe ndiye unayehitaji N95 kuliko sote. Kwenye kupanda, shuka ukokote. Dakika kumi zaidi barabarani ukiwa unahema taratibu ni afadhali kuliko kuumaliza mlima kwa kifua.

Mama Wawili, Makete

Naomba niongeze la nyumbani. Tunafunga madirisha kuzuia moshi, halafu kwa baridi hii mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani. Msifanye hivyo. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, familia inalala haiamki. Mnakimbia moshi wa nje mnaingia kwenye kifo. Blanketi la pili, na jiko libaki nje.

Mlinda Miti, Mafinga

Nimefanya kazi misimu mingi kwenye misitu ya Sao Hill, kwa hiyo nizungumzie kukutana na moto wenyewe, maana mwendesha baiskeli hana kioo wala mlango.

Moto unapanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kwa sababu joto linatangulia na kukausha nyasi za juu. Ukiuona chini yako, usijaribu kushindana nao kwa kupanda. Ondoka kwa pembeni, au nenda palipokwisha kuungua na kupoa, kwani hapo hapana cha kuwaka tena. Moshi ukifunga barabara kuu, shuka, toka nje kabisa ya lami na usubiri upande unakotoka upepo. Dereva wa lori hakuoni.

Kabla ya kuondoka unaweza kufungua ramani ya moto ya NASA, FIRMS, kwenye simu. Inaonyesha mahali setilaiti ilipoona joto saa chache zilizopita. Moto mdogo au uliowaka baada ya setilaiti kupita hauonekani, kwa hiyo macho yako yabaki kazini.

Na mnaouona unaanza, pigeni 114 kwa Zimamoto na mwambieni mwenyekiti wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inazuia kuchoma ovyo bila kibali. Nimeona mizinga ya nyuki ya watu ikiteketea kwa sababu ya jirani aliyekuwa anasafisha robo eka ya mahindi. Inauma.

Mpanda Kilima, Uyole

Nimerudi baada ya wiki tatu. Saa 12 nimeiacha. Naangalia Loleza saa 3 kasoro: nikiuona mgongo wake wote napanda baiskeli, nikiuona nusu navaa N95 na kwenda pole, nisipouona nakwenda daladala. Kwa wiki hizi tatu daladala imekuwa siku tano. Mkuu amekubali nitoke saa 11 kwa kukata muda wa chakula. Makohozi yamekuwa meupe, usiku nalala bila kukohoa.

Tatizo limebaki jioni. Kuna tanuri la matofali jirani na njia yangu, na linapowashwa hakuna saa inayofaa, kwa hiyo nazunguka kwa ndani, naongeza kilomita moja na nusu.

Muuza Maziwa, nimekuachia N95 mbili kwa fundi wa baiskeli pale stendi ya Uyole. Mwambie ni za mtu wa Mwanjelwa, na pima mbele yake kama zinakukaa.