Presha ya macho: tununue kamera za akili mnemba, au kwanza tujue wagonjwa wetu wako wapi?

Mbukwenyi wadau.

Hili lilianzia msibani Kibaigwa wiki iliyopita, nikaona nilifikishe kwenu. Binamu yangu, mtu wa tehama hapa Dodoma mjini, alisema dawa ya upofu huku kwetu ni kila zahanati ipewe kamera ya kupiga picha nyuma ya jicho, picha isomwe na akili mnemba, na mwenye glakoma, yaani hiyo presha ya macho, ajulikane hapo hapo. Shemeji yangu, muuguzi, akakataa katakata: taarifa za mgonjwa zikishaingia mtandaoni hazina mwenyewe tena. Nimewapinga wote wawili.

Nianze na baba. Aliambiwa ana presha ya macho akiwa na miaka 58, akapewa matone ya timololi. Chupa ilipoisha hakurudi. Alisema dawa haimsaidii, maana macho yalibaki vile vile. Hakuna aliyemweleza kwamba kubaki vile vile ndiyo kazi yenyewe ya dawa ile. Glakoma huua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, mara nyingi bila maumivu, ikianzia uoni wa pembeni, na kilichokufa hakirudi. Mtoto wa jicho ukimtoa unaona tena. Huku hakuna kurudi nyuma.

Tulipomrudisha baada ya miaka mitatu alikuwa anamimina chai nje ya kikombe. Faili lake halikuonekana. Daktari akapima, presha 34, wakati kawaida haizidi 21. Namba ya zamani ya kulinganisha hakuna, akaanzishwa upya kama mgeni. Jicho la kushoto limeshazima.

Sasa, binamu, kamera ingemsaidia nini mzee? Ugonjwa wake ulishajulikana! Alichokosa ni mtu wa kushtuka kwamba mgonjwa huyu alitakiwa kurudi mwezi wa tatu na hajaonekana. Kazi hiyo inafanywa na orodha moja: jina, simu, presha ya kila jicho, picha ya mshipa, tarehe ya kurudi. Meseji iende hata kwenye kitochi, na asipofika, mhudumu wa afya wa kijijini amfuate nyumbani.

Kuna utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, ukachapishwa mwaka 2021, ukilinganisha matone ya timololi na leza. Baada ya mwaka mmoja matone yalifanikiwa kwenye macho 31 katika kila 100, leza 61. Hao ni wagonjwa waliofuatiliwa na watafiti. Anayepewa chupa na kusahauliwa atakuwaje?

Kuhusu kupima kila mtu, tupige hesabu. Utafiti wa Kongwa, hapa hapa mkoani kwetu, uliochapishwa mwaka 2000, ulipima watu zaidi ya 3,000 wa miaka 40 na kuendelea, ukakuta glakoma kwa takriban 4 katika 100. Chukua watu 1,000: wagonjwa 40, wazima 960. Tuseme mashine inakosea kwa wazima 5 tu katika kila 100. Watu 48 wasio na kitu wanapanda basi kwenda kwa bingwa, wengi kuliko wagonjwa wenyewe. Na bingwa mwenyewe foleni yake mnaijua.

Ila kamera siikatai. Nataka ianzie kwa ndugu wa tumbo moja na watoto wa wagonjwa, kwa sababu hatari yao ni kubwa mara kadhaa kuliko ya watu wengine. Sisi hakuna aliyetuita. Tulijipeleka baada ya kuona ya baba, na mdogo wetu wa mwisho, miaka 36, akakutwa na presha 27. Haumwi popote. Haoni tofauti yoyote. Orodha yenye majina ya ndugu ingemfikia mapema zaidi.

Shemeji naye ana hoja, nakiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tunayo, lakini simu moja nyumbani hushikwa na watu watano. Kwa hiyo meseji iseme tu "una miadi Jumanne", ugonjwa usitajwe. Na anayefungua faili la mgonjwa aache jina lake kwenye mfumo, ijulikane nani alichungulia.

Pale msibani tulikwama sehemu moja, na hapo ndipo nataka maoni yenu. Jirani yetu anaendesha lori la mahindi kutoka Kibaigwa. Tuseme orodha inaonyesha uoni wake wa pembeni umekwisha. Akijua taarifa itafika kwa wanaotoa leseni, hataenda kupimwa. Isipofika, usiku yuko barabarani na sisi. Orodha imwambie nani?