Mbona tupange foleni ya LC3 wakati rais ameshatangazwa?

Kijana_wa_Busia:
Shikamooni wakubwa. Naandaa kikao cha vijana wa kijiji chetu, Busia upande wa Uganda. Kura ya rais na mbunge wanakubali kupiga, lakini siku za LC5 (baraza la wilaya) na LC3 (baraza la kaunti ndogo) wanaenda zao kazini. Wanasema "rais ameshatangazwa, kilichobaki ni cha nini?" Wengine wanaona kura moja ni tone baharini. Naomba hoja zenye tarakimu, maana hotuba tupu hawazitaki. Na kama kuna makosa yanayoharibu kura, nielezeni pia.

Mzee_Tororo:
Marahaba, mwanangu. Anza na pesa, watakusikiliza. Kwa sheria ya serikali za mitaa, kaunti ndogo ya vijijini hubaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya, ukiwemo ushuru wa soko na leseni, na asilimia 35 hupanda wilayani. Katika ile iliyobaki, asilimia 25 inatakiwa kurudi vijijini, LC1 (baraza la kijiji). Piga hesabu mbele yao: zikikusanywa shilingi milioni 40, milioni 26 zinabaki kaunti ndogo, na milioni 6.5 kati yake ni za vijiji. Waulize ni lini walisomewa hesabu hiyo mkutanoni. Anayeinua mkono bajeti ipite, choo cha soko kijengwe au kisijengwe, ni diwani wa LC3, si rais.

Diwani huyo huchaguliwa na eneo dogo. Mshindi na anayemfuata wanaweza kuachana kwa kura chache sana. Steji moja ya boda ikiamka asubuhi ikaenda kupiga kura, matokeo yanaweza kugeuka.

Wakili_Mbale:
Mzee amesema kweli. Mimi naongeza upande wa sheria. Kifungu cha 59 cha Katiba ya 1995 kinampa kila raia wa miaka 18 haki ya kupiga kura, na kinasema kujiandikisha ni wajibu wake. Kujiandikisha, nasema. Kupiga kura hakuna anayekulazimisha.

Waoneshe pia kinachotokea kura isipopigwa kabisa. Uchaguzi wa LC1 ulifanyika 2001, usirudiwe hadi Julai 2018. Katikati hapo, 2007, Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba mabaraza ya LC1 na LC2 (la parishi) hayakuwa halali chini ya vyama vingi. Viongozi waliendelea kugonga mihuri, lakini fikiria: barua ya utambulisho, ushahidi wa mauzo ya kiwanja, hukumu ya baraza la kijiji, vyote vinasimama juu ya mtu ambaye uhalali wake una shaka. Hilo ni jambo zito kwa mwananchi wa kawaida.

Kuhusu tone baharini: mwaka 2021 walioandikishwa walikuwa milioni 18.1, waliopiga kura ya rais milioni 10.7. Waliokosekana, kama milioni 7.4, ni wengi kuliko kura milioni 6.04 za mshindi. Usiwaambie vijana kwamba wote hao ni wavivu. Wamo waliohama na marehemu ambao majina hayajafutwa. Ndiyo maana daftari la wapiga kura hubandikwa vituoni kabla ya uchaguzi, watu wakague majina. Vijana wako waende siku hizo.

Karani_wa_Kituo:
Mwaka huohuo wa 2021, kura za rais zilizoharibika zilizidi 390,000. Huko ni kupanga foleni bure, na inaniuma. Mtu anaweka alama kwa wagombea wawili, au anaandika jina lake kwenye karatasi. Chochote kinachomtambulisha mpiga kura kinaibatilisha. Dole gumba nalo lina shida yake: wino ukiwa mwingi na karatasi ikakunjwa haraka, alama inajichapa kwa mgombea mwingine. Gusa wino kidogo, bonyeza ndani ya kisanduku, subiri ukauke, ndipo ukunje. Au tumia kalamu, weka vema moja.

Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa kumi ikigonga ana haki ya kupiga kura, kwa hiyo asikubali kufukuzwa.

Hesabu hufanyika palepale, hadharani. Msimamizi anainua kila karatasi, mawakala wa wagombea wanaangalia, kisha fomu ya matokeo inajazwa na kusainiwa. Nakala moja wanapewa mawakala, nyingine hubandikwa kituoni. Piga picha ile ya ukutani. Tarakimu zikibadilika njiani, fomu ndiyo ushahidi. Asiye nayo ataenda mahakamani na maneno matupu.

LC1 ni tofauti, haina karatasi. Ni mlolongo: unasimama nyuma ya mgombea wako, mnahesabiwa. Ukitoka kwenye mstari kabla ya kuhesabiwa, umejitoa.

Kijana_wa_Busia:
Ahsanteni sana. Moja tu: wenzetu wanaofanya kazi Kampala lakini wameandikishwa huku, wanaweza kupigia kura huko?

Karani_wa_Kituo:
Hapana, ndugu yangu. Kura hupigwa kituo chenye jina lako tu, na kura ya posta hatuna. Ama wasafiri, ama wahamishe kituo wakati daftari linaposasishwa. Dirisha hilo likishafungwa, siku ya kura hakuna karani wa kuwasaidia.