Naomba ushauri: nyuki wamehamia darini, niwatoe vipi?

Wakuu, habari za jioni.

Kundi la nyuki limeingia kwenye dari ya nyumba niliyopanga, kupitia upenyo chini ya bati. Asubuhi wametulia, ila jirani akiwasha mashine ya kukata nyasi wanachachamaa. Barazani nako nyigu wamening'iniza kiota, lakini hao usipowagusa hawana neno.

Ya kujikinga nayajua kiasi: tusivae nguo nyeusi karibu nao, tusijipulizie manukato makali, tusiwapunge kwa mikono. Nyuki akishauma, harufu inayotoka (kama ndizi mbivu hivi) huwaita wenzake, na mwiba hubaki na kifuko cha sumu, kwa hiyo unautoa upesi vyovyote vile. Wakikufukuza, funika uso ukimbilie ndani. Kujitosa majini hakusaidii, watakusubiri hapo juu.

Sasa mwenye nyumba anataka wachomwe moto usiku. Kwenye dari ya mbao, jamani! Fundi naye anasema niuzibe tu ule upenyo, nami nahofia watatokea chumbani kupitia tundu la taa. Mtoto wa dada yangu ninayeishi naye akiumwa hata na mmoja huvimba midomo na kubanwa pumzi, tunamkimbiza hospitali, hivyo sitaki majaribio.

Je, mfuga nyuki anaweza kuwahamishia kwenye mzinga bila kubomoa dari? Gharama zikoje? Na wakishatoka, nifanye nini wasirudi? Aliyewahi kuwatoa darini anieleze alianzia wapi.