Naomba ushauri: kamshafti za digrii 304 kwenye 4A-GE yenye hedi ya kiwandani

Mkazi wa Tabata
Habari zenu wakuu. Ninaijenga upya injini ya Toyota 4A-GE, valvu 16, ya toleo la awali lenye kompresheni (uwiano wa mkandamizo ndani ya silinda) ya 9.4 kwa 1. Nimenunua Kariakoo kamshafti mbili (vyuma vinavyofungua valvu) za digrii 304, yaani kipimo cha muda ambao valvu hukaa wazi, zinazonyanyua valvu milimita 9, ilhali njia za hewa za hedi (kichwa cha injini chenye valvu) hazijaguswa. Gari hili ndilo linalonipeleka kazini Posta kila siku kupitia foleni ya Buguruni. Fundi wangu anasema tuzifunge tu, nami nina mashaka. Nianzie wapi?

Fundi Gerezani
Mkuu, usizifunge. Hedi ndiyo inayoamua hewa kiasi gani inaweza kupita. Kamshafti huamua tu mlango ufunguliwe lini, kwa muda gani na kwa kiasi gani. Valvu ya milimita 30 ikishanyanyuliwa robo ya kipenyo chake, yaani milimita 7.5, uwazi unaoizunguka unakuwa sawa na eneo la valvu yenyewe, kwa hiyo kuipeleka hadi 9 bila kurekebisha njia ya hewa kutakuchosha springi kuliko kukupa nguvu. Tatizo kubwa zaidi ni hizo digrii. Valvu ya kuingiza itachelewa kufunga wakati pistoni imeshaanza kupanda, na injini ikizunguka polepole sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli itasukumwa kurudi ilikotoka. Kwa kompresheni yako, kitakachobaki kukandamizwa ni kidogo mno, sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) itatetemeka na pale Buguruni gari litakuwa zito kabisa. Tafuta kamshafti za digrii 256 au 264. Kwenye hedi, nakusihi usitanue tundu la hewa ovyo, kwa maana hewa itapoteza kasi: lainisha sehemu iliyo karibu na siti ya valvu (pale valvu inapokalia ikifunga), kisha kata siti kwa pembe tatu.

Binti Fundi
Naunga mkono, na ninaongeza jambo moja ambalo baba alinifundisha gereji: kupima nafasi kati ya valvu na pistoni, zisije zikagongana. Weka udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, paka valvu mafuta kidogo, funga hedi kwa gasketi iliyokwisha kubanwa pamoja na mkanda wa taimingi, kisha zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Fungua, kata udongo kwa wembe, pima sehemu nyembamba kuliko zote. Tulipofanya hivyo kwenye hedi iliyokwisha kuchongwa mara mbili (kupunguzwa uso wa chini, jambo linalosogeza valvu karibu na pistoni), valvu ya moshi ilibakiza milimita 0.9, wakati sisi hatuwashi injini ikiwa chini ya 2 kwa kuingiza na 2.5 kwa moshi. Je, hedi yako imewahi kuchongwa?

Mkazi wa Tabata
Aliyeniuzia injini alisema imechongwa mara moja, ila sikupewa kipimo. Muuzaji wa kamshafti amekubali kunibadilishia kwa 264 nikiongeza fedha kidogo. Udongo nimeshanunua, Jumamosi tunapima, nami nitaleta vipimo hapa kabla ya kufunga chochote.